Babu Akikoroga Maziwa

Babu akikoroga maziwa ya kopo, hataki mtu amsemeshe. Husawazisha unga kwenye kijiko kwa mgongo wa kisu, hutikisa chupa karibu na sikio kama fundi saa, kisha hujidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono na kutangaza, "Tayari, mkubwa wangu!" Ndiyo maana binti yake, aliporudi kutoka kliniki na mtoto aliyetimiza mwaka, alizungukazunguka jikoni akitafuta pa kuanzia.

"Baba, nesi kasema kopo si lazima tena. Maziwa ya kawaida na chakula chetu vinamtosha."

"Huyo nesi amewahi kumbembeleza huyu akilia?"

Wakibishana hivyo, mjukuu alivuta kikombe cha mama yake mezani, akagugumia maziwa ya kawaida yaliyokuwamo mpaka akaota masharubu meupe, akacheka. Babu aliitazama chupa mkononi mwake, akaiweka chini polepole. Binti akaona aibu kwa kushinda ubishi. Lakini mzee alikuwa ameshakichukua kikombe, akakijaza, na ingawa maziwa yalikuwa yamepoa tangu asubuhi, akajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, akasikilizia.

"Tayari, mkubwa wangu!"