Maksai wa Cheptais na Kompyuta ya Kitale

Baba yangu alinunua maksai wa kulima kutoka Cheptais, kwa Wasabaot, sisi tukiishi Saboti. Maksai mzuri, shingo kama gogo. Lakini alikuwa amefundishwa amri za Kisabaot, na baba alikuwa Mbukusu wa kichwa ngumu. "Ati niongee na ng'ombe lugha ya jirani? Ajifunze Kibukusu!" Jirani yetu Msabaot alikuwa tayari kumfundisha baba yale maneno mawili matatu. Akakataa. Mvua ikaja, maksai amesimama anatafuna, sisi tukalima na jembe mpaka migongo ikakauka. Mama naye, na ile chai yake ya chumvi... wacha, hiyo ni hadithi ingine.

Nilimkumbuka maksai huyo miaka ya elfu mbili, nikiwa kwa saiba moja, duka la kompyuta, hapo Kitale. Ndugu yangu alikuwa anazikwa kesho yake Bungoma, na mimi ndiye nilitumwa kuchapisha programu ya mazishi, yenye picha na historia yake. Saiba ilikuwa ya vijana wawili. Kompyuta yao ya kuchapisha hukubonyeza kitu, uliiandikia amri. Kinachopokea amri wanakiita shell, na ziko nyingi, kila mtu na yake. Yule mrefu alipenda bash. Yule wa miwani alipenda C shell, ati ndiyo ya wasomi, ati bash ni ya watoto wa Linux, na wale wa Windows na dirisha lao jeusi la amri si watu kabisa. Asubuhi hiyo alikuwa ameigeuza mashine iamke na hiyo C shell yake. Amri za kuchapisha, ambazo mrefu aliziandika kwa bash, zikagoma.

"Andika tu bash, itarudi," mrefu akasema. "Neno moja."

"Si uandike mwenyewe?" wa miwani akajibu.

"Wewe ndiye uliharibu, bana."

"Nilitengeneza! Andika zako upya."

"Vijana wangu," nikasema, "mtu amelala mochari."

"Ngoja mzee, tunamalizana."

Kumalizana gani? Watu na diploma zao, wamekunja mikono mbele ya kiti kitupu kama maharusi waliokosana. Nikasogea niandike hilo neno mimi.

"Mzee, usiguse!" wakapiga kelele pamoja. Hapo tu ndipo walikubaliana.

Nikachukua picha ya ndugu yangu, nikaipangusa na mkono wa koti. Historia yake nilikuwa nayo kichwani, ningeisema kaburini kwa mdomo wangu.

"Mzee! Mzee, iko karibu kuchapa!"

Nikatoka. Mpaka leo sijarudi.