Beleshi Lililopelekwa Sauna

Kwa miaka ishirini na miwili Hilja Ruona ndiye aliyesafisha theluji kanisani, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Yeye aliona huo ni ushahidi kwamba kazi inafanyika sawasawa. Watu hushukuru miujiza. Njia iliyo wazi kila Jumapili saa nne asubuhi huipita tu kama hewa.

Chombo chake kilikuwa karai pana la bati lenye mpini wa upinde, kama walilo nalo watu wote wa Keweenaw, rasi ya theluji nyingi. Unalisukuma likijaa, unaliburuza hadi pembeni, unalipindua. Halina nati wala gurudumu, halina kitu cha kuharibika isipokuwa mwili wa anayelisukuma. Na mwaka huo, mara tu baada ya Krismasi, mwili ukaharibika. Daktari alimshika Hilja bega, akalizungusha, Hilja akaona nyota mchana, na ikawa basi.

Wazee wa kanisa wakakutana chumba cha chini, wakala mkate wa iliki, wakanywa kahawa, na kwa dakika kumi wakawa wamekwisha kuamua. Litanunuliwa beleshi la gurudumu, na atakabidhiwa Wilbert Laitila. Hilja hakuulizwa. Hata hivyo alikuwemo chumbani humo humo, maana ndiye aliyekuwa akiwamiminia kahawa.

Wilbert alikuwa amestaafu kuuza bima, na ulimi wake haukustaafu naye. Beleshi lilipofika alilisimamisha katikati ya ukumbi kama ng'ombe wa maonyesho. Katikati lilikuwa na gurudumu moja kubwa kama la baiskeli, mbele bamba pana la kubebea theluji, nyuma mpini mrefu.

"Unasukuma, bamba linajaa," alieleza. "Halafu unakandamiza mpini chini, hivi. Gurudumu ndilo linabeba uzito. Wewe hunyanyui kitu!"

"Na kamba ya kulifungia punda iko wapi?" aliuliza Hilja huku akikusanya vikombe.

Wazee wakacheka, lakini Wilbert hakucheka. Akafungua karatasi ya maelekezo na kuwasomea kwa sauti ya mimbarini: nati zikazwe kila wiki, ekseli itiwe grisi, bamba lipakwe nta ili theluji isigande, na chombo kihifadhiwe mahali pakavu penye baridi. Jumapili ya pili akawasomea tena. Ya tatu vilevile. Ilikuwa karatasi iliyosomwa kuliko Waraka kwa Warumi, na hakuna hata neno moja lililotendwa. Beleshi lenyewe lilikaa nje wiki baada ya wiki, limeegemezwa ukutani chini ya matone ya paa, likinyeshewa na kuganda, kuganda na kunyeshewa. Kila Jumatano Hilja alipokuja kufuta mavumbi aliliona, akalipita. Nyumbani alipiga magoti na kumwomba Mungu ampe Wilbert unyenyekevu. Hakusahau kutaja jina la ukoo, asije akapewa Wilbert mwingine.

Angeweza kuendelea kusali namna hiyo mpaka theluji iyeyuke mwezi wa tano, kama si Bibi Saima Kettunen.

Bibi Saima alikuwa na miaka tisini na mmoja, na nyumba yake ilitazamana na kanisa ng'ambo ya barabara. Alibatizwa humo, akaolewa humo, akamzika mume wake kutoka humo. Sasa binti yake alikuwa amemtafutia nafasi katika nyumba ya wazee kule Marquette, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na safari ilikuwa Jumatatu. Mchungaji alikuja na Chakula cha Bwana mara moja tu kwa mwezi, na zamu yake iliangukia Jumapili hiyo. Bibi Saima aliitaka Meza ya Bwana pale alipopigia magoti tangu utotoni, na alitaka kufika kwa kiti chake cha magurudumu.

"Vijana wanaweza kukubeba, Bibi," Hilja alimwambia Jumamosi.

"Nitabebwa siku ya jeneza," alijibu Bibi Saima. "Siku hiyo sitaleta ubishi. Wewe nisafishie njia."

"Siku hizi anasafisha Wilbert."

"Wilbert nani? Yule wa bima?" Bibi Saima aligeukia dirisha. "Mungu atusaidie."

Asubuhi ya Jumapili theluji ilikuwa imefika magotini. Hilja alifika kanisani saa mbili kupanga vikombe vya ushirika. Dirishani, ng'ambo, alimwona Bibi Saima ameshakaa na kofia yake ya sufu kichwani, tayari. Saa mbili na nusu likaja gari la Wilbert. Akashusha beleshi, akaliweka chini mbele ya mlango. Hilja alitoka kibarazani, akatazama, akatazama tena.

"Ndugu Wilbert, hicho chombo kinatoa moshi."

"Siyo moshi, ni mvuke," alisema Wilbert kwa furaha. "Nimekitoa sauna sasa hivi."

"Umekitoa wapi?"

"Sauna. Jana nimekuta gurudumu limeganda, halizunguki kabisa. Nikalipeleka nyumbani. Leo alfajiri nikawasha kuni, nikaliweka benchi la juu."

"Benchi la juu."

"Chini joto halitoshi, dada. Wewe mwenyewe unajua."

"Na wewe ulikaa wapi?"

"La chini," alisema Wilbert. "La juu haliwaenei wawili."

Hilja alifumba macho. Katika nchi hiyo mtoto hupelekwa sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, kabla hajajua kutembea, na mgonjwa, na bibi harusi, na hata maiti zamani waliogeshwa humo. Lakini yeye hakuwahi kusikia mtu aliyewasha kuni siku ya Bwana ili beleshi litoke jasho.

"Ulimwagia na maji kwenye mawe?" aliuliza taratibu.

"Kidogo tu."

Kilichofuata angeweza kukitabiri mtoto yeyote wa kijiji hicho. Bamba la moto likaingia kwenye theluji, theluji ya kwanza ikayeyuka, ya pili ikaigandia ile ya kwanza, na ya tatu ikaikumbatia ya pili. Wilbert akakandamiza mpini, bamba likapanda juu vizuri kabisa, na theluji ikabaki pale pale kama keki kwenye sinia. Akalitikisa, halikutoa kitu. Akalipiga teke. Maji ya sauna yaliyoingia kwenye ekseli nayo yakaganda, gurudumu likakataa, na nati moja ambayo haikuwahi kuonja spana ikalegea, bamba likainama upande mmoja kama kofia ya mlevi.

Mwenyekiti wa wazee, Arvid Pyykkonen, alitokea mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Sukuma kwa nguvu, Wilbert!"

"Nasukuma!"

"Basi sukuma zaidi!" Akanywa funda moja, akarudi ndani kwenye joto. Mchango wake kwa kazi ya Mungu ulikuwa umekwisha.

Saa tatu. Hilja alikwenda bandani, akatoa karai lake, akalisukuma mara moja. Mara ya pili bega likamchoma mpaka machozi yakamtoka, akaliacha hapo hapo. Alitazama ng'ambo. Ile kofia ya sufu haikuwa imesogea. Kutoka mlango wa kanisa hadi ngazi ya Bibi Saima zilikuwa hatua sitini, na kando ya barabara gari la kusafishia barabara lilikuwa limemwaga ukuta wa mabonge ya theluji uliofika kiunoni.

"Lete," alimwambia Wilbert.

"Dada Hilja, hii ni mashine, ina utaratibu wake."

"Utaratibu wake umetusomea mara tatu. Mimi nimeushika kichwani. Lete, na wewe chukua mtaimbo uende ukavunje ule ukuta barabarani. Mtaimbo hauna maelekezo."

Wilbert alifungua mdomo. Halafu akauachia mpini, akaenda kuchukua mtaimbo.

Hilja alikwangua bamba kwa kipande cha ubao, maana chuma kingelikwaruza. Akalikausha kwa kitambaa cha jikoni, akalilaza nyuma ya banda penye kivuli, akaliacha lipoe mpaka liwe baridi kama theluji yenyewe. Hizo dakika ishirini zilikuwa ndefu. Alizitumia kugongagonga barafu itoke kwenye ekseli. Kwenye gari la Wilbert alikuta spana mpya na mrija wa grisi ambao hata kifuniko hakijafunguliwa, akatikisa kichwa. Alikaza nati zote nne, akatia grisi, akazungusha gurudumu kwa kidole mpaka likaenda lenyewe. Kisha akaingia sakristia, akachukua kishina cha mshumaa wa madhabahuni, akasugua bamba lote mbele na nyuma. Bwana angemsamehe huo mshumaa. Angemsamehe na Wilbert, ila hilo Hilja alimwachia Yeye mwenyewe.

Saa tatu na nusu ilipopita alianza. Hakwenda kwa pupa. Alikata theluji ya juu kwanza, akarudi kuichukua ya chini, akitupia upande unakoelekea upepo. Alisukuma, akakandamiza mpini, theluji ikaruka, ikaanguka mbali, bamba likabaki jeupe na tupu. Alisukuma tena. Bega lilikuwa kimya. Alikandamiza kwa uzito wa mwili tu, gurudumu likabeba mzigo, na bega halikusema neno.

Hapo ndipo Hilja alipokasirika hasa. Wiki sita alikuwa amekicheka chombo hicho, akakiita mkokoteni wa punda, akakiacha kiliwe na kutu mbele ya macho yake kila Jumatano, kwa sababu tu mikono iliyokishika ilikuwa ya kipumbavu. Kumbe kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye bega kama lake, na hao wazee, pamoja na mkate wao wa iliki, walikuwa wamekinunua sawa na kukikabidhi kwa mtu asiye sawa. Na yeye, msalihina mkubwa, alikuwa amemwombea Wilbert unyenyekevu bila kujiwekea hata kidogo. Alisukuma kwa hasira hiyo hadi barabarani, akapita kwenye pengo alilolivunja Wilbert, ambaye sasa alikuwa amekaa juu ya bonge akihema, na hadi ngazi ya Bibi Saima.

Kengele ilikuwa ikilia. Binti yake, aliyekuwa amekuja kumchukua, alikishusha kiti.

"Njia imepinda," alisema Bibi Saima.

"Ndiyo, Bibi."

"Inapitika lakini. Haya, twende."

Hilja akamsukuma mwenyewe. Walipoingia, wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha, na Arvid Pyykkonen alikuwa amesimama kutoa matangazo. Alimshukuru Ndugu Wilbert Laitila kwa kujitoa kwake asubuhi hii, na mashine mpya ambayo, kama wote walivyoona, imejithibitisha. Watu wakageuka kumtazama Wilbert. Wilbert alitazama viatu vyake. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka nyuma ya masikio, lakini mtu aliyesema miaka sitini bila kukatika alishindwa kutoa neno lile moja lililotakiwa.

Hilja alisikia hasira ikimpanda. Kisha mchungaji akawaita mezani, naye Hilja akashika kiti, akasukuma.

Bibi Saima alipokea mkate, akapokea kikombe, akainamisha kichwa kwenye reli ya madhabahuni iliyolainishwa na mikono ya watu wake. Hilja alisubiri kidogo, akaanza kukivuta kiti.

"Usiniondoe bado," alisema Bibi Saima.

Nyuma yao mstari ulikuwa mrefu. Arvid Pyykkonen ndiye aliyefuata, amekunja mikono tumboni, na nyuma yake wazee wengine, na mwisho kabisa Wilbert. Arvid alikohoa. Baadaye kidogo akakohoa tena, akimtazama Hilja ili afanye linalofaa.

Hilja aliweka mikono yake miwili juu ya mgongo wa kiti, akainamisha kichwa, akawaacha wasubiri.