Nilimupeleka Mama Mudogo na Upepo

Acha niseme aibu yangu mara moja, ili muache kuniuliza: mimi Masika, asistanti wa Kiingereza kwa chuo kimoja cha Butembo, nilifanya salle nzima ya batu iombee mutu mwenye hakukufa.

Tulikuwa na débat ya wazi, bandugu zetu na pasta mumoja balialikwa, na ulizo lilikuwa: kichekesho cha vitabu vya Bamerika kinatoka wapi? Mwenzangu Kambale alisema kinatoka kwa maumivu, mutu anacheka ili asilie. Mimi nikasema hapana, kinatoka kwa uso, musimulizi anadanganya uongo mukubwa kama mulima, mais uso wake umekauka kama wa shahidi mbele ya juge. Mukubwa wetu wa chuo alikuwa anasikiliza, na mumoja tu kati yetu ndiye angetumwa kuendelea na masomo.

Basi nikaona nisieleze tu, nibaonyeshe. Nikakausha uso: "Juzi upepo ulipiga kule Beni, Bungulu, ukabeba mabati ya mama yangu mudogo, na yeye mwenyewe juu yake." Uongo ulikuwa uendelee, eti alishukia Mulekera, commune ingine ya Beni, na sufuria ya maharagwe kichwani, hata punje moja haikuanguka. Mais nikanyamaza kidogo, juu nilisoma kwamba kunyamaza ndiko kunaleta kicheko.

Hakikukuja. Mama mumoja wa mbele akasema "Yesu wangu!", pasta akasimama, "Bandugu, tuombe," na salle yote ikasimama (mimi pia, nani anakatiza mutu anayeongea na Mungu?). Bakiwa bado banaomba, binamu yangu Kahindo akatoka mbio analia, akapiga simu Beni. Akarudi ameinua simu juu, na mama mudogo anapiga kelele ndani: "Masika! Niko hapa nasonga bugali, nani alikuambia nimepaa?"

Hapo ndipo batu bakacheka, mpaka pasta akashika meza. Kambale akabauliza polepole, "Mbona hamukucheka tangu mwanzo?" Hata mimi nilisahau aibu yangu kidogo, nikabaki najiuliza: uongo wangu ulikosa nini, ama ni sisi wa huku ndio habari mbaya tunaiamini mbio?

Kambale ndiye alitumwa. Mimi nilienda Beni kuomba musamaha. Na tangu ile siku, kila nikifundisha kichekesho, ninaanza kusema, "Sasa nitadanganya." Banafunzi habacheki hata kidogo, mais bora hivyo kuliko basimame kuomba.