Pampu Iliyorudishwa Bomani

Siku yangu ya kwanza kazini niliwahi mno, nikakuta ofisi imefungwa na mlinzi anapiga mswaki. Tabora ya wakati ule, ukiwa mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo kisha ukapata kazi ya serikali, baba anakushonea suruali mpya na mama anachinja kuku. Basi nilisimama pale mlangoni na suruali yangu ya mkunjo, uhuru wenyewe bado mbichi, nikijiona mimi ndiye mimi.

Afisa Habari alipofika, mtu wa pwani, mwembamba, mkali kama pilipili kichaa, hakunionyesha kiti. Alinipeleka uani kwenye gari. Ilikuwa Landrova ya kijivu, na juu ya paa lake zimefungwa honi mbili; ndivyo tulivyoviita vile vipaza sauti vyenye mdomo mpana. Ndani mlikuwa na amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti, betri zake, jenereta, na projekta ya sinema. Kazi yangu ingekuwa kuvitunza vyote hivyo na kusoma matangazo.

"Soma hili," akasema, akanipa tangazo la chanjo ya ng'ombe. Nikasoma bila kukwama.

"Vizuri. Sasa nisikilize, Ramadhani. Kipaza sauti kina mdomo, masikio hakina. Na wewe ukiwa kwenye gari hili huna masikio. Mtu akikuuliza swali, mwambie ofisi itajibu."

"Na ofisi hujibu, bwana?"

Alinitazama toka utosini mpaka kwenye viatu. "Ndiyo kwanza umefika, umeshaanza kuuliza."

Nawaelezeni haya, wajukuu zangu, kwa sababu juzi mmeniuliza swali mkicheka. Eti kwa nini watu wazima na akili zao humfuata mwanasiasa anayetukana, anayevunja, anayeahidi mambo ambayo hata mtoto anajua hayawezekani? Mkasema ni ujinga. Mimi nilikaa na honi miaka mingi, na niliwaona watu hao usoni, kwa hiyo msiniambie ujinga. Kaeni niwasimulie.

Miaka ya mwanzo kazi ilikuwa tamu, wallahi. Njia ile ile waliyopita mababu zetu na pembe za ndovu mabegani, sisi tuliipita na Landrova, vumbi nyuma kama wingu. Gari letu likionekana Puge, wanawake wanapiga vigelegele kabla sijafungua kinywa. Nilijifunza kugeuza honi zifuate upepo, maana ukizielekeza kinyume maneno yanakurudia mwenyewe. Nilijifunza pia kutosogeza kipaza cha mkononi, kile cha kusemea, karibu na honi, kwa kuwa hapo mtambo hupiga mluzi wa kutoboa masikio. Nikasoma habari za kisomo cha watu wazima, za mbolea, za josho la kuogeshea mifugo. Watu waliitikia, na sisi tuliamini. Msidhani tulikuwa waongo.

Kisha ikaja Operesheni, ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Afisa Habari wa pwani alikuwa amekwishahamishwa, akaja mwingine kijana, mpole kwa sauti, asiyependa kabisa kuulizwa ratiba. Alinipa karatasi moja niisome kila mahali: katika kijiji kipya mtapata shule, zahanati na maji ya pampu. Niliisoma mpaka ikawa inanitoka usingizini, mke wangu ananisukuma nigeuke upande wa pili.

Niliisoma hata kwa Shangazi Milembe, dada wa baba yangu, aliyeolewa kwa wafugaji huko njia ya Choma. Shangazi alikuwa na tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na kisima alichochimba marehemu mumewe, kisichokauka hata kiangazi. Hakutaka kuhama. Wakaja mgambo, wakaezua paa, wakabomoa kuta, akahama. Kijiji kipya sitakitaja jina lake, vizazi vya watu wake vipo. Wenyewe walikiita Laini, kwa kuwa nyumba zilipangwa mistari miwili kando ya barabara.

Nisimdhulumu mtu: pampu ililetwa kweli. Pampu ya mkono, kichwa cha chuma kilichopakwa rangi ya kijani, mpini mrefu. Shangazi alinitekea maji ya kwanza, nikanywa, akasema, "Haya, mdomo wako umesema kweli." Baadaye pampu ikaanza kukohoa hewa, kisha ikanyamaza. Kilichokufa ni washa, kile kiduara cha ngozi kinachovuta maji ndani ya bomba. Kitu cha kutia mfukoni.

Mwenyekiti wa kijiji akapeleka habari bomani, yaani ofisi za wilaya. Akaambiwa suala linashughulikiwa. Wakaenda wazee, wakaambiwa linashughulikiwa. Mwaka ukapita, na mwingine ukawa unakwisha, akina mama wanachota kwenye lambo, kule kule ng'ombe wanakosimama na kukojoa. Shangazi alikuwa anamlea mjukuu wake, Kabula, mtoto mchangamfu asiyekwisha maneno, na tumbo la yule mtoto halikutulia tangu walipoanza maji yale. Kila nilipopita Shangazi ananiambia, "Wewe si ndiye uliyesema kuna maji? Hebu sema tena baba, labda yatatoka." Nilikuwa nacheka, kisha naliondoa gari.

Ndipo ukaja uchaguzi wa mbunge. Zama zile chama kilikuwa kimoja, lakini jimbo lilipewa wagombea wawili, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Nitawaita kwa alama zao. Kampeni walifanya pamoja, jukwaa moja, dakika sawa, Katibu wa Chama akiwa msimamizi, na walisafiri ndani ya gari moja. Gari lenyewe ni langu. Jembe kulia, Nyumba kushoto, mimi katikati, magoti yanagongana, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Bwana Jembe alikuwa amefanya kazi ya maji maisha yake yote, mtu safi, akila karanga zake kimya. Bwana Nyumba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na katika mikutano alikuwa ametolewa nje mara nyingi kwa mdomo wake. Wakubwa walimpitisha wakidhani ni wa kumsindikiza mwenzake tu. Walikosea hesabu.

Tulipofika Laini watu walikuwa wamekaa chini, mikono magotini. Nilipoisemesha honi hakuna aliyegeuka. Bwana Jembe akasimama.

"Ndugu zangu, mimi sitawadanganya. Pampu yenu imekufa washa tu. Washa zinaagizwa Dar es Salaam. Mkinichagua nitafuatilia, lakini itachukua muda."

"Muda gani?" akauliza Mwenyekiti.

"Siwezi kutaja."

Alisema kweli tupu, na mimi niliona ile kweli ilivyowachoma. Washa tu! Kumbe taabu yote ile, ndoo vichwani na watoto kuharisha, ni kwa ajili ya kipande cha ngozi ambacho hakuna mtu bomani aliyeona haja ya kukileta. Angewaambia ni mtambo wa mamilioni wangevumilia.

Bwana Nyumba alipoitwa, nilimpa kipaza. Akakirudisha mkononi mwangu. "Hiki si ndicho kilichowahamisha?" akauliza kwa sauti yake mwenyewe, akaruka kutoka jukwaani, akavuka uwanja mpaka upande wa pili, akaanza kuimba.

Sasa hapa mtu wa mbali hataelewa. Kwetu ngoma za mashindano huchezwa mbili kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi si anayepewa alama na hakimu. Mshindi ni yule ambaye watu wamehamia kwake. Watu wa Laini wakainuka. Kwanza vijana, halafu kina mama, mwisho wazee na vigoda vyao.

"Ongeza sauti!" Katibu akanifokea, akitaka niwaite watu warudi. "Bwana Tangazo, ongeza sauti!"

Nikaongeza mpaka mtambo ukapiga mluzi. Shangazi Milembe akapita mbele yangu, Kabula mgongoni, anajifunga khanga vizuri.

"Shangazi, na wewe?"

"Baki na honi zako, baba. Mimi nakwenda kulikochangamka."

Tukabaki Katibu, Bwana Jembe, mimi na viti.

Huko ng'ambo ya uwanja Bwana Nyumba akauliza, "Hii pampu ni mali ya nani?"

"Ya serikali!"

"Mtu akikuazima chungu kimetoboka, unakifanyaje?"

"Unamrudishia!"

Katibu alipiga kelele kwamba ni kinyume cha kanuni, nani amsikilize! Wakafunga minyororo, wakafunga maksai, wakaing'oa pampu ile na mabomba yake, wakaipakia kwenye mkokoteni. Safari ya bomani ikaanza kwa nyimbo, kila kijiji tunachopita watu wanaongezeka, na Landrova yetu nyuma inakula vumbi. Njiani Bwana Jembe akaniambia: "Wametoa mpaka mabomba."

Bomani waliitua pampu kwenye ngazi za ofisi. Mkuu wa Wilaya akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Nani amewatuma?"

"Kiu," akajibu Bwana Nyumba.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Shangazi alikuwa juu ya mkokoteni, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na Kabula anacheka kwa sababu bibi yake anacheka. Tangu tembe lake libomolewe sikuwa nimemwona akicheka. Nami, mtumishi wa serikali, moyo wangu ulifurahi. Mkuu wa Wilaya aliiweka ile chai chini, akashuka ngazi, akasimama akawasikiliza mpaka mwisho.

Bwana Nyumba alishinda kwa kishindo. Laini sidhani kama jembe lilipata kura mbali na ya karani wa uchaguzi.

Wiki chache baadaye nilikuwa barabarani nikakuta fundi wa maji amesimama pale Laini, kofia mkononi, anashangaa shimo. "Nimetumwa haraka nilete washa," akaniambia. "Pampu yenyewe iko wapi?"

Pampu ilikuwa stoo ya polisi, imefungwa kibandiko. Vijana watatu wa Laini walikuwa wameshitakiwa kwa kuharibu mali ya umma, na pampu ni kielelezo, yaani ushahidi wa kesi, hairuhusiwi kuguswa mpaka hukumu. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Shimo likaachwa wazi, mbuzi wakatumbukia, watu wakaona heri walijaze mawe. Mvua za kwanza ziliposomba kinyesi chote cha mifugo mpaka lamboni, Kabula akashikwa na kuhara. Walimbeba kwenda zahanati ya mbali, maana ile ya Laini ilikuwa bado ni kuta. Alifia njiani. Nilikwenda kuzika. Mtoto yule alikuwa ananiigiza ninavyotangaza, anashika kibuyu mdomoni, jamani. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Na mheshimiwa wetu? Alirudi Laini mara moja, na gari la serikali, tumbo limetangulia. Nilifunga honi kama kawaida. Alikigonga kipaza kwa kidole, akaniambia niongeze sauti.

"Mheshimiwa, hutavuka kule ng'ambo leo?" nikamchokoza.

"Ramadhani, mbunge haimbi," akasema, hata hakunitazama. Halafu akawaambia watu kwamba suala lao linashughulikiwa. Uchaguzi uliofuata walimhama, wakamfuata mwingine mwenye mdomo mkubwa zaidi.

Nilistaafu kwa blanketi, redio na hotuba. Sasa nalima mihogo na karanga hapa Ntalikwa, na honi siku hizi zinafungwa na vijana ambao hawajui hata upepo unakotoka. Bwana Jembe alikufa maskini, nilimzika pia. Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja kichwani, na ni hilo hilo mlilonipa ninyi: watu wale walidanganywa, wakang'oa maji yao kwa mikono yao wenyewe. Nililibeba jibu hilo mpaka siku nilipokwenda Laini kumwona Shangazi, amekwisha kuwa kikongwe, macho hayaoni mbali.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mdomo wangu. Umeleta tangazo gani?"

Tukaongea, tukafika kwenye habari za Kabula. Nami, ujinga wa uzee, nikamwambia lililokuwa likinikaa rohoni. "Shangazi, washa ililetwa. Wiki chache tu baada ya ile siku. Pampu ingekuwa mahali pake, mtoto angekunywa maji safi."

"Najua. Fundi alinionyesha. Niliishika mkononi."

"Na bado ungempigia kura yule mtu?"

"Ningempigia."

"Shangazi! Hata baada ya Kabula?"

Alikuwa anapapasa chini akitafuta fimbo yake, nikampa.

"Baba, tulikaa kimya tukaambiwa tungoje. Tukatuma wazee, wakaambiwa tungoje. Tulipowapelekea chuma chao mlangoni ndipo washa ikapatikana, tena kwa haraka. Hebu niambie wewe uliyekaa nao. Tungenyamaza, hiyo washa ingekuja?"

Lililonijia mdomoni ni lile nililofundishwa siku ya kwanza, kwamba ofisi itajibu, na niliona aibu kulitoa mbele ya mwanamke yule. Ndoo yake ilikuwa mlangoni, tupu. Nikaichukua, nikaenda lamboni kumtekea maji.