Paa na Baa

Mchaichai ukiuponda kwa ubapa wa kisu, harufu yake inapanda papo hapo, kali na tamu, kama ganda la ndimu mbichi. Wenzangu wakiinusa wanakumbuka chai ya mama zao. Mimi namkumbuka Mama Gloria, na hasira inanipanda kabla maji hayajachemka. Niwaambie mapema msije mkashangaa mbele ya safari: mimi ni mtu wa kinyongo. Nimejaribu kuacha, nimeombewa hata, bado ninacho.

Mchaichai tuliuzoea zaidi Bangkok. Baba yangu alikuwa fundi wa kukata vito, akatoka Arusha kwenda kufanya kazi kwenye karakana moja ya huko, na mimi na mama tukamfuata. Nilikuwa na miaka minane. Mama alipoona mchaichai unaelea kwenye supu ya samaki alisukuma bakuli pembeni, akasema hawa watu wamechanganyikiwa, mchaichai ni wa chai. Baada ya miezi mitatu alikuwa anaiagiza supu hiyo mwenyewe.

Tuliishi kwenye chumba cha ghorofa ya nne. Chini yetu kulikuwa na mama muuza matunda, na kila nilipochungulia dirishani nikaita "Baba!" mama yule alishika mbavu akacheka, na wateja wake wakacheka naye. Ilituchukua muda mrefu kujua sababu. Kumbe kwa Kithai baa ni kichaa. Nilikuwa namwita mzazi wangu kichaa kichaa mbele ya mtaa mzima. Baba alipoelewa alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akanikalisha akanipa somo.

"Rehema, shika hili. Paa ni shangazi, ni jina la heshima la mama mtu mzima. Baa ni mwehu. Ukiteleza herufi moja tu, umeharibu."

Kwa Mswahili haikuwa kazi kukumbuka. Paa la nyumba linakusitiri, na baa likikushukia limekumaliza. Nilijifunza pia kujiita nu, kama watoto wa kule wanavyojiita wanapoongea na wakubwa. Maana yake ni panya. Mama hakuipenda hata kidogo, alisema hakubeba mimba miezi tisa azae panya.

Nilipotimiza miaka kumi, mama alipata kazi ya unesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Sydney. Tulitangulia mimi na yeye. Baba alibaki amalizie mkataba wake, atufuate baada ya wiki sita. Wiki ya nne korona ikafunga mipaka, na wiki sita zikawa mwaka, kisha mwaka na zaidi.

Tulikuwa tumepanga chumba Quakers Hill, kwa Mama Gloria, mjane wa Moshi aliyefanya kazi ya kufua kwenye hospitali. Gloria mwenyewe alikuwa ameolewa Perth, na wakati ule Perth nayo ilikuwa imejifungia kama nchi nyingine. Mama Gloria alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alinipenda kwa sababu nilimjibu kwa Kiswahili. Watoto wa Watanzania wengine aliowajua waliamkiwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, na hilo lilimuuma. Mimi kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kamili, naye akanipa marahaba ndefu yenye chai ya maziwa ndani yake.

Mpaka siku ya nguo.

Mama alikuwa zamu. Mimi nilikuwa chumbani kwenye masomo ya kompyuta, dirisha limefunguliwa. Mama Gloria alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba, simu ameiweka spika juu ya kapu, anapiga soga na rafiki yake. Rafiki akauliza habari za baba yangu, kama bado amekwama Bangkok.

"Akwame?" Mama Gloria akasema, na nikamsikia anakung'uta shuka. "Mwanaume mzima, Bangkok, mwaka na nusu? Shoga yangu, yule hajakwama. Yule kanasa! Na huyu mkewe mjinga hapa ndani anajikondesha kwa kulia."

Wakacheka wote wawili. Nilishika pazia nikaona mgongo wake ukitikisika kwa kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilielewa kila neno. Wallahi, kama ningekuwa na nguvu ningeiangusha ile kamba ya nguo ikamfunika. Nilijiambia: huyu mama atanikoma.

Nilianza na vidogo. Shikamoo yangu niliikata ikabaki "kamoo", kisha nikaiacha kabisa, nikawa napita nimeinamia viatu. Mtu yeyote aliyelelewa kwetu anajua hilo ni kofi. Yeye akawa ananijibu hivyo hivyo: "Marahaba, hata kama hujasema." Nikazidi kuchemka. Kisasi gani hiki kinachoitikiwa marahaba?

Halafu akajileta mwenyewe. Ilikuwa katika ile lokdauni kali, helikopta za polisi zinazunguka juu ya mapaa yetu sisi wa magharibi mwa Sydney, na mtu mmoja tu kwa kila nyumba anaruhusiwa kwenda dukani. Mama Gloria ndiye alikuwa mtu wetu wa duka. Alinikuta jikoni akafunga mlango wa friji kwa nyonga.

"Rehema, wewe umekaa Bangkok. Yule mama wa Kithai mwenye duka pale Blacktown, ninakonunua mchaichai na nazi, anaitwa Lek. Kanizidi umri kabisa. Sasa mtu mzima vile nitamwitaje Lek, Lek, kama mtoto? Nifundishe nimwamkie kwa lugha yao, kwa heshima."

Angalieni jinsi alivyojiingiza mwenyewe. Mzungu angemwita Lek na maisha yangeendelea. Lakini mama wa Kitanzania hawezi kumtaja mtu mzima kwa jina tupu, ulimi unamwasha.

"Mwite Baa Lek," nikasema, macho makavu. "Baa ni shangazi."

"Baa? Kwetu hiyo ni balaa, au pa kunywea bia."

"Kwao ni shangazi. Unainama kidogo, unasema: sawatdi kha, Baa Lek."

Alifanya mazoezi akiosha vyombo. Alifanya mazoezi akikunja nguo. Nilikuwa nauma kola ya sweta nisicheke. Na kwa kuwa alijua barakoa inameza sauti, aliamua kulisema kwa nguvu. Nilipomwona anatoka na kapu lake, nikamwona kwenye akili yangu anaingia dukani, anainama kwa adabu zote za Kilimanjaro, halafu anamwita mwenye duka mwehu mbele ya wateja. Nilifurahi, sitawadanganya. Ilikuwa furaha tamu kuliko zawadi yoyote niliyowahi kupewa, na nilikuwa nairudia kitandani kama pipi.

Alikwenda wiki tatu. Ya kwanza alirudi akisema Lek amemtazama tu. Ya pili, amemrushia mfuko wa pilipili bila kusema neno. "Labda nimelitamka vibaya," akasema. Nikamwambia hapana, ongeza sauti.

Wiki ya tatu baba akaugua.

Nilimkuta mama ameketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea na sare yake ya kazi, simu mikononi, sauti ya baba inatoka humo imekwaruzika, anakohoa kuliko anavyoongea. Hospitali za Bangkok zilikuwa zimejaa. Alikuwa peke yake kwenye kile chumba cha ghorofa ya nne, ana homa siku ya tano, hawezi kushuka ngazi, chakula kimeisha. Watanzania aliowajua walikuwa wameondoka. Muuza matunda alikuwa amefunga, amerudi kijijini kwao. Mama yangu, nesi, aliyekuwa anawalisha wazee wa watu kwa kijiko kutwa nzima, hakuwa na namna ya kumfikishia mume wake hata maji.

Mama Gloria alisimama mlangoni, ametusikia. "Ngoja," akasema. "Yule wa dukani ana mdogo wake wa kiume Bangkok, anapika na kupeleka chakula majumbani. Alinionyesha picha kabla hajaninunia. Naenda kumwomba sasa hivi."

Nilijua neno analokwenda nalo. Nikasikia gari linawaka.

Alirudi hajakaa hata saa moja. Kapu tupu. Alivua barakoa akaitupa juu ya kapu. "Kanifukuza. Nimeinama, nimemwamkia kwa heshima zote, akapiga meza, akanionyesha mlango. Kasema nisikanyage tena. Mungu wangu, nimemkosea nini yule mama?"

Mama akaanza tena kupiga simu kwa watu aliokwisha kuwapigia. Mimi nikamfuata Mama Gloria jikoni. Sikuwa na huruma naye hata wakati ule, nataka mlijue hilo; nilikuwa bado nataka aumie. Ila akilini niliiona sufuria ya baba, ile ndogo ya bluu, iko tupu juu ya jiko kule Bangkok. Nikasema yote kwa pumzi moja: baa si shangazi, shangazi ni paa, baa ni mwehu, nimefanya makusudi.

Nilisubiri kofi. Yeye akachukua barakoa nyingine kwenye boksi akanirushia kifuani.

"Vaa viatu."

Njiani aliongea mara moja tu, kusema polisi wakitusimamisha yeye atajifanya hajui Kiingereza, nitajieleza mwenyewe.

Lek alikuwa mwembamba, mwenye mvi, amekaa nyuma ya karatasi ngumu ya plastiki, na duka lote linanukia mchaichai na samaki wakavu. Alipomwona Mama Gloria alisimama. Nikaunganisha viganja mbele ya uso, nikainama mpaka barakoa ikagusa vidole.

"Paa Lek kha. Nu khothot kha."

Yaani, Shangazi Lek, mimi panya naomba radhi. Kithai changu kilikuwa cha mtoto na kilikuwa kimeanza kuota kutu, lakini nilimweleza: huyu mama aliniomba neno la heshima, mimi nikampa tusi. Baba yangu anaumwa Bangkok, hana wa kumpelekea chakula. Nikataja mtaa. Kisha nikaanza kulia, na kilio hakihitaji lugha.

Lek alikaa tena taratibu. Alitujibu kwa Kiingereza chake kilichovunjika ili Mama Gloria naye aelewe. Alisema tangu ugonjwa uanze watu wamekuwa wakimtukana kwenye treni, wanamwambia arudi kwao na korona yake. Siku moja mtu alimtemea mate. Dukani kwake ndipo pekee alipokuwa anapumzika kutokana na matusi. Halafu anakuja mwanamke mgeni kama yeye, anainama, anamwita mwehu, tena kwa Kithai.

Mimi sikuwa nimemhesabu Lek kabisa. Kwenye kisasi changu alikuwa kama rungu tu, kitu cha kumpigia Mama Gloria, na sikuwa nimewaza kwamba rungu linaumia.

Mama Gloria akasogea kwenye plastiki. Akavuta pumzi, akabana midomo chini ya barakoa, akalisema polepole kama mtu anayeshusha yai mezani: "Paa. Paa Lek." Lek akaitikia kwa kichwa, akachukua simu yake, akampigia mdogo wake.

Jioni ile ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya mama. Baba alisema kuna mtu amegonga, ameacha uji wa wali wa moto, maji na dawa, kisha akashuka. Alikuwa analia, au pengine ni kile kikohozi. Mtu yule aligonga kila siku kwa siku kumi na mbili.

Baba alifika Sydney mipaka ilipofunguliwa, mwembamba, suruali amekaza kwa mkanda. Na kwa taarifa ya wambea wote, hakuwa amenasa popote. Nilichunguza.

Kuhusu kisasi changu, mama hakuambiwa kitu, si siku ile wala baadaye. Nilikaa miaka nikidhani Mama Gloria alinificha kwa wema, na wema ule uliniudhi sana. Nilipokuwa msichana mkubwa, siku anapakia mizigo kuhamia Perth kwa Gloria, nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anafunga sufuria kwenye magazeti, wala hakuinua kichwa.

"Siku ile naanika nguo niligeuka nikaona vidole vyako kwenye pazia," akasema. "Nilijua umenisikia. Ningekuambiaje samahani, mtoto wa miaka kumi na moja? Nikasema basi, nitafute namna ya kumsaidia baba yako. Ndiyo maana nilitaka kujua kumwamkia Lek, mwenye ndugu Bangkok. Uliposema umenipa tusi, hata nilipumua. Nikasema, haya, sasa tumelingana."

Nilisimama pale na gundi ya kufungia maboksi mkononi. Kumbe wiki zote zile nilizokuwa nauma kola yangu kwa kicheko, yule mama alikuwa anafanya mazoezi ya neno langu juu ya vyombo kwa ajili ya baba yangu. Na mimi nusura nimuue baba yangu kwa herufi moja, kwa kumtetea.

Maneno yale ya kwenye kamba ya nguo sijamsamehe yote. Nimewaambia nina kinyongo. Lakini kila Jumapili nampigia simu Perth, na kabla hajasema neno nampa shikamoo yake, kamili, herufi zote mahali pake.