Mshono wa Katikati

Kwa miaka arobaini na mitatu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Tepu. Shule hakuiona. Vipimo vya wateja aliviweka ukutani kwa chaki, kwa alama alizozijua mwenyewe. Majina aliandika mkewe, Mama Sindano, aliyekaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango kwa sababu mwanga wa pale ulikuwa mzuri.

Kazi waligawana tangu walipooana. Cherehani ya mume, sindano ya mkono ya mke. Pindo, vifungo, na ule mshono wa kuficha ambao ukiutafuta kwa macho huuoni, vyote vilikuwa vya Mama Sindano. Siku moja aliufumua mkono wa gauni la harusi asubuhi ya harusi yenyewe, bibi harusi yuko mlangoni analia, kisa tundu moja la sindano limekaa upande. "Atalia leo," alisema, "picha atazitazama maisha yake yote."

Alipofariki, kiti kilibaki pale pale, na kopo la bati la sindano zake juu yake. Huu ulikuwa mwezi wa saba na Fundi hajalifungua. Mteja akileta nguo inayotaka kazi ya mkono, Fundi anaitazama, anaikunja, anamrudishia.

"Hii siku hizi sishoni."

Wateja si mawe. Hawakumuuliza.

Ndipo binti yake mkubwa, aliyekuwa msimamizi wa ukumbi wa mtaa, akaja na furushi la kitambaa cheupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umebeba maiti ya nani?"

"Acha hizo, baba. Ni pazia la kuonyeshea filamu. La zamani panya wamelifanya chakula. Kuna vijana wanaleta filamu fupi, za ajabu ajabu, nyingine ni za kuchorwa. Wataonyesha kesho na keshokutwa. Nataka vipande hivi viwili viwe kimoja, na katikati pasionekane kitu."

"Hapo unamtaka mama yako."

"Mama hayupo, baba. Uliyepo ni wewe."

Fundi akalitazama bati. Kisha akaketi kwenye cherehani, akapiga mshono wa shuka, ule wa kukunja mara mbili. Mshono imara, shuka itachanika yenyewe ikauacha. Lakini shuka hulaliwa, haitazamwi, na hilo alilijua. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Kesho yake saa tisa alasiri madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa maboksi, watu wakajaa kwenye mabenchi. Fundi alikaa nyuma na jirani yake Kinyozi, mtu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi wake.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kiti kinachopumua. Kiti tu, kwenye chumba kitupu, kikivimba na kunywea. Ya pili ilikuwa ya meno yaliyotembea juu ya meza, yakajipanga mstari, yakaanza kupotea moja moja. Mtoto mmoja akajificha kwenye nguo za mama yake.

"Haya yametoroka kwa daktari," Kinyozi akanong'ona.

"Nyamaza, watu wanatazama."

"Hata mimi natazama. Sielewi, lakini natazama."

Fundi alikuwa akitazama kitu kingine. Mwanga wa projekta ulipopiga kitambaa, mshono wake ulitoa kivuli chembamba kutoka juu mpaka chini, kama kovu la tumbo lililopasuliwa. Kiti kilipumua kimegawanyika. Meno yalitembea yakaruka.

Kisha akaja mwanamke wa kuchorwa kwa mkaa. Hakuwa na uso. Alitoka kushoto akaenda kulia, amebeba beseni, na hapakuwa na sauti ila ya nyayo zake. Kila alipofika katikati, mshono ulimvunja: mguu unatangulia, unafifia, halafu mwili unafuata. Alipita mara saba, na kila mara alikuwa amepungukiwa. Beseni likaondoka, kitambaa cha kichwa kikaondoka, kivuli chake kikaondoka. Mara ya mwisho alifika katikati akasimama, nusu huku, nusu kule. Pazia likawa jeupe.

Fundi alikuta mkono wake umeishika tepu kama mtu anayetaka kuanguka.

Taa zilipowashwa, mchoraji akasimama mbele. Alikuwa binti mwembamba, kucha zake bado nyeusi kwa mkaa. Mwalimu mstaafu akanyoosha mkono.

"Ule mstari wa katikati, mwanangu. Umetuonyesha mpaka wetu na waliotutangulia. Uliufikiriaje?"

Watu wakapiga makofi. Mchoraji akageuka, akalitazama pazia, akarudisha macho.

"Mstari huo sikuuchora mimi."

Minong'ono ikaanza. Fundi angeweza kukaa kimya. Ni binti yake tu aliyejua, na binti yake asingesema. Akasimama.

"Ni mshono. Ni wangu. Ulitaka sindano ya mkono, nikakwepa nikaushona kama shuka." Akalinyooshea pazia kidole. "Aliyekuwa akishona kwa mkono nimemzika."

Akaketi. Kinyozi akamwekea mkono gotini.

"Mzee, umemaliza maneno ya mwaka mzima."

Watu walipokuwa wakitoka, mchoraji akamfuata.

"Shikamoo, mzee. Naomba usiufumue. Huyu niliyemchora ni bibi yangu. Nilimsimamisha pale katikati bila kujua kwa nini. Leo nimejua."

"Kazi mbaya haiachwi, binti yangu."

"Kwangu si mbaya."

"Kwako." Fundi alizitazama kucha zake nyeusi. "Bibi yako umemchora mara ngapi?"

"Mwaka mzima, mzee. Karatasi kwa mamia."

"Wewe umekaa naye mwaka mzima. Mimi wangu sijamfungulia hata bati lake."

Mchoraji hakujua ni bati gani, lakini alimwona uso. "Sawa, mzee. Mshono ni wako."

Asubuhi Fundi alilichukua pazia kutoka ukumbini, akaketi kwenye kiti kifupi. Magoti yalimpanda hadi kifuani. Akafungua bati. Ndani kulikuwa na subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, na sindano yenye uzi mweupe bado, ncha ya uzi imefungwa fundo dogo la Mama Sindano. Aliushika uzi ule muda mrefu. Kisha akafumua mshono wake wote, akaanza upya, kwa uzi ule ule mpaka ukaisha, ndipo akatia mwingine.

Alijichoma mara nne. Binti yake alipoleta chai alisimama mlangoni kidogo. Akaketi kwenye stuli ya cherehani, akashika ncha ya pili ya kitambaa kisiburute.

Alasiri, ukumbini, kiti kilipumua kizima. Meno yalitembea bila kuruka. Mwanamke wa mkaa alipita katikati mara sita pasipo kuvunjika, mara ya saba akasimama penye weupe mtupu, na Fundi akaona watu wananyoosha shingo kumsogelea.

Mahali pamoja tu, usawa wa mkono wa yule mwanamke, kitambaa kilikuwa kimevutwa kidogo. Pale ndipo uzi wa kwanza ulipokwisha. Mama Sindano angefumua.

Fundi alipaona, akapaacha.