Mabuti Yangu Bustanini

Kabla hujanicheka, jua kwamba mimi ni mlinzi wa ghala la saruji. Nashinda saa kumi na mbili ndani ya mabuti ya mpira, na miguu humo haipati hata dirisha. Kwa hiyo tangu nioe, sheria ya nyumba ilikuwa moja: mabuti yalale nje. Nikijisahau, hata sijapiga hodi vizuri, sauti inatoka jikoni: "Baba Kasuku, rudi na vitu vyako." Kasuku ni binti yetu wa miaka minane. Jina alijipatia mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mke wangu ni mpishi wa hospitali, na pua ndiyo iliyokuwa saa yake ya kazini. Masufuria yao ni makubwa, mtoto anaweza kuoga humo. Huwezi kuona huko chini kunaendeleaje, unanusa tu. Basi akashikwa na mafua makali, na yalipoondoka yakaondoka na harufu zote. Siku moja maharage ya wodi nzima yakashika chini, naye amesimama hapo hapo hana habari. Wiki iliyofuata, wali. Msimamizi akamwambia ikitokea mara ya tatu atahamia kuosha masufuria. Ya pua hakumwambia mtu yeyote kazini. Mama yake alimwonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, naye akauliza ni nani atakayemwacha jikoni mpishi asiye na pua.

Miezi minne ikapita hivyo. Mabuti yangu yakawa yanalala ndani, chini ya kitanda, na hakuna aliyenifokea. Ungedhani nimeshinda. Kusema kweli, iliniuma kuliko kelele zote alizowahi kunipigia.

Kasuku ndiye aliyeleta habari za bustani ya mimea. Walipelekwa na shule, akaona pembe moja iliyopandwa mimea yenye harufu kwa ajili ya wasioona, na pale unaruhusiwa kushika majani na kuyafikicha. Akaamua mama yake atapona huko, na nani wa kumbishia? Jumamosi tukaenda wanne, pamoja na mama mkwe wangu na kikapu chake cha chakula. Mimi nilitoka zamu moja kwa moja, mabuti mguuni.

Tulianza na mchaichai. Kasuku akaufikicha, akamsogezea mama yake puani, akasubiri. Hakuna kitu. Mnanaa, hakuna. Mrehani, waridi, asumini, hakuna. Mke wangu akaanza kusema "mh, vizuri" na tabasamu la kuazima, nikajua anamdanganya mtoto. Mtoto naye akajua, maana alinyamaza, jambo ambalo sijaliona tangu aote meno.

Tukaenda kula kwenye nyasi. Mtunza bustani akatuonyesha kibao: nyasi zile ni changa, zinakanyagwa peku tu. Wenzangu wakavua viatu. Mimi nikabaki njiani. Ningeyavuaje mabuti mbele ya mama mkwe? Heshima niliyoijenga miaka kumi ingebomolewa na soksi mbili. Nikasema nimeshiba. Mama mkwe akasema mkwe wake hawezi kula amesimama kama punda, nije nikae. Basi nikatafuta upepo unakoelekea, nikavua.

Mama mkwe akauvuta mtandio hadi puani, taratibu, kwa adabu zake zote. Kisha adabu zikamshinda, akasema la kuvunda halina ubani. Kasuku akajiviringisha nyasini kwa kicheko.

Mke wangu alikuwa anafungua bakuli la chakula. Mkono ukasimama. Akakunja pua, akanitupia lile jicho ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi minne.

"Baba Kasuku, hebu toa hayo mabuti nje."

"Mbona tuko nje, mama," Kasuku akasema.

Hapo ndipo alipogutuka. Akatambaa hadi kwenye buti la kushoto, akalinyanyua kwa mikono miwili, akaliweka usoni na kuvuta pumzi ndefu, watu wanaangalia.

"Linanuka," akasema, machozi yanamtoka. "Jamani, linanuka."

Mama mkwe akaanza kulia naye, mtandio ungali puani. Na mimi, mtu mzima na sare yangu, nikalia pale peku.

Tulirudi kwenye mimea mbio. Mchaichai aliupata kwa mbali, asumini ilimjia wiki tatu baadaye. Jumatatu alimweleza msimamizi ukweli wote, akapewa mwenzake wa kusimama naye kwa muda. Kufika Alhamisi ni yeye aliyepunguza moto chini ya maharage kabla huyo mwenzake hajashtuka.

Mabuti yamerudi nje. Juzi mvua ilinyesha, asubuhi nikayakuta yamejaa maji hadi kifundoni. Nikayamwaga, nikayavaa, nikaenda kazini napiga mluzi.